Ukiwa, Neno la Kukosa Watu

Ukiwa ni hali ya kukosa watu. Neno hili husemwa kwa mtu na husemwa kwa mahali, na maana haiendi mbali na hiyo moja. Aliyefiwa na jamaa zake akabaki hana wa kumwita ndugu ni mkiwa. Kijiji kilichohamwa hadi nyasi zikaota kizingitini nacho kina ukiwa. Kamusi hulifasiri kwa upweke, majonzi, unyonge, na hali ya pahali palipoachwa. Tafsiri zote hizo ni sawa, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Kwa asili neno hili ni la Kibantu. Mkiwa na wakiwa wamo katika ngeli ya watu, na ukiwa ni jina la hali yao, kama mnyonge anavyotoa unyonge na mpweke anavyotoa upweke. Katika maandishi hufanana herufi kwa herufi na kitenzi kuwa chenye -ki-, kama katika “ukiwa na njaa, kula”, lakini hayo mawili hayana undugu wowote. Majirani zake wengi katika kamusi ya masikitiko walikuja na Kiarabu: huzuni, ghamu, msiba. Tofauti si ya asili tu. Huzuni humpata hata mtu aliyezungukwa na ndugu, na kesho yake anaweza kuamka ameisahau. Ukiwa hauondoki kwa kulala. Anayeyahesabu maneno haya mawili kuwa visawe anapoteza jambo ambalo lugha ilishalipambanua.

Waandishi wa zamani walilijua hilo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walilichagua neno ukiwa kuielezea nchi kabla haijapata umbo wala kiumbe, na wakalitumia tena mwanzoni mwa Maombolezo, pale Yerusalemu unapofananishwa na mjane baada ya watu wake kuchukuliwa. Ushairi wa pwani ulikuwa umeshapita njia hiyo: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huisimamisha nafsi mbele ya majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, kisha yakabaki bila mtu. Katika kazi zote hizi kinacholiliwa ni watu walioondoka, na kuta zimetajwa kwa sababu yao.

Mahali palipofikwa na ukiwa pana majina yake. Mahame ni kule watu walikohama. Magofu ni kuta zilizosalia. Ganjo ni makazi yaliyotupwa. Tongo, ambalo kwa kawaida husikika kwa wingi kama matongo, ni kiwanja cha kijiji cha zamani, yaani pahali panapojulikana kuwa watu walikaa ingawa hakuna tena anayekaa. Shina hili limeenea mbali na bahari: Kinyarwanda na Kirundi vina itongo na amatongo. Ukilitia kiambishi cha mahali unapata Tongoni. Tongoni ya pwani iko kusini mwa mji wa Tanga, yenye msikiti wa zamani uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo. Tongoni nyingine iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari ya Hindi, karibu na Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo. Hiyo ndiyo Kasongo ya zamani.

Kasongo ya zamani ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mfanyabiashara huyu wa Zanzibar aliifanya makao yake katikati ya miaka ya 1870, akiwa ameshajizungushia himaya ya pembe za ndovu na watumwa mashariki mwa mto Lualaba. Nyangwe, iliyo juu ya ukingo wa mto huohuo, ilikuwa na soko kubwa kabla yake, na Kabambare, upande wa mashariki, ilikuwa kituo cha misafara iendayo Ujiji. Waungwana wa pwani walileta mpunga, miembe, michungwa na milimau, wakajenga nyumba za udongo zenye baraza, wakaacha lugha. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Stanley Falls, na mwaka 1890 akaondoka Kongo asirudi tena. Mwanawe Sefu alibaki Kasongo.

Vita kati ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa milki ya Leopold, na mabwana hao wa pwani vilianza mwaka 1892. Jeshi la Dola hiyo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Langford Hinde, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1897. Askari wasiokuwa na hata chumvi walikuta ndani ya nyumba za Kasongo magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, viberiti na vikombe vya fedha, na kando ya mji mashamba ya mpunga, mahindi na kahawa. Hinde aliikadiria Nyangwe kuwa na watu kama 30,000 na Kasongo labda 60,000. Ni makadirio ya mwanajeshi aliyekuwa na mambo mengine ya kufanya, hayafai kuchukuliwa kama sensa. Kinachofaa ni sentensi zake za baadaye, ambamo Nyangwe imeshapungua ikawa nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari kuizunguka, na Kasongo imefagiliwa, ikajengwa upya mahali pengine, maili tisa kutoka ile ya kwanza. Maili tisa ni kama kilomita 14. Mji ulihamishiwa mbele na jina lake, na kiwanja cha nyuma kikapewa jina ambalo Mswahili hukipa kiwanja chochote cha namna hiyo. Kabambare ilitekwa Januari 1894.

Kwa hiyo Tongoni ya Kasongo ni ukiwa wa mahali. Ukiwa wa watu una kumbukumbu ya zamani zaidi, na kumbukumbu hiyo imetoka Kabambare.

David Livingstone, mmisionari na daktari wa Kiskoti, alifika huko mara ya kwanza Septemba 1869, akipaandika kwa jina la Bambarre. Katikati ya mwaka 1870 alitoka kuitafuta Lualaba akiwa na watu watatu tu, wakiwamo watumishi wake Chuma na Susi, kwa sababu wengine walimkimbia. Miguu ilimshinda. Alirudi Bambarre tarehe 22 Julai akiwa na vidonda vilivyokula nyama, akalala ndani ya kibanda siku 80. Dawa iliyomfaa aliipata kwa wafanyabiashara Waarabu: jiwe la kijani la shaba, linasuguliwa kwa maji juu ya jiwe jingine, kisha linapakwa kidondani kwa unyoya. Alipotoka nje mwezi Oktoba bado hakuweza kuondoka. Wapagazi hawakuwapo, kipindupindu kilikuwa njiani, barua kutoka pwani hazikufika. Wakati wa kukaa kwake Manyema, yaani Maniema ya leo, aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu, na wino ulipokwisha akatumia maji ya mmea wa kutilia nguo rangi. Aliondoka Bambarre Februari 1871 tu, baada ya watu kumfikia kutoka pwani.

Msafiri aliyekwama hivyo ana nafasi ya kutazama, na mwishoni mwa 1870 Livingstone aliandika juu ya ugonjwa ambao aliuona wa ajabu kuliko yote aliyokutana nayo katika nchi ile. Uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Wengi walikuwa mateka wa nchi ya Rua, ng'ambo ya Lualaba, walioletwa na msafara wa Said bin Habib, mfanyabiashara aliyewahi kulivuka bara hadi pwani ya Angola. Walivumilia minyororo hadi walipovuka mto. Walipoyaona maji mapana yako kati yao na kwao, walilegea. Ishirini na mmoja walifunguliwa minyororo, ikidhaniwa kuwa sasa hawana pa kukimbilia, nao wakatoroka wote kwa mara moja. Lakini wanane, pamoja na wengi waliokuwa bado wamefungwa, walikufa ndani ya siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo, tena mahali pake hasa, na Livingstone, kwa kuwa ni daktari, hakuacha kuliandika hilo, maana watu wengi huuweka moyo juu zaidi. Mvulana wa kama miaka 12 alibebwa hadi alipokaribia kukata roho, akalazwa kando ya njia huku kaburi linachimbwa. Naye alisema hana maradhi yoyote ila moyo.

Wafanyabiashara wenyewe walistaajabu. Watu hawa wanakula, hawana kazi, kwa nini wafe? Swali hilo linaonyesha vizuri zaidi kuliko kamusi mahali ambapo neno ukiwa linaanzia. Kwa mwenye msafara, mtu ni tumbo na mikono: tumbo limeshiba, mikono imepumzika, hesabu imekamilika. Mateka alikuwa anahesabu kitu kingine. Livingstone mwenyewe aliona kwamba ugonjwa ule haukuwapata waliozaliwa utumwani, ila wale tu waliokuwa na kwao.

Chuma na Susi, waliokuwapo, walimwongezea habari Horace Waller, aliyeyahariri maandishi ya Livingstone na kuyatoa kitabu mwaka 1874. Watoto, walisema, walikuwa wanatembea kwa ustahimilivu wa kushangaza. Kisha msafara ukipita karibu na kijiji penye ngoma, sauti ya ngoma ndogo ikiwafikia, walikumbuka kwao, wakalia kwa kwikwi, na baada ya hapo hawakuchukua muda. Ushahidi huu una uzito wa pekee kwa upande wa Chuma: yeye alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa kutoka katika msafara wa watumwa karibu na mto Shire mwaka 1861.

Kiswahili kina neno la kifo cha namna hii. Kihoro ni uchungu wa kupoteza unaomshika mtu hadi mwilini, na mtu husemwa kuwa amekufa kwa kihoro bila msemaji kudhani ametia chumvi. Madaktari wa leo wangetaka kujua zaidi. Mateka waliotembea majuma mengi wakiwa na minyororo walikuwa wamekwisha maji mwilini, na ndui na kuhara vilikuwa vinatembea na misafara ileile, kwa hiyo si kila aliyegusa kifua alikufa kwa uchungu. Hata hivyo tiba imeacha kulidharau jambo lenyewe. Tangu mwaka 1990 madaktari wa Japani, wakiongozwa na Hikaru Sato, wameeleza ugonjwa ambamo msiba wa ghafla hulegeza misuli ya moyo, mgonjwa akaumwa kifua kama mwenye shtuko la moyo, bila mishipa kuziba. Waliuita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa umbo ambalo moyo hulipata.

Kabambare haikuwa peke yake. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, aliunda neno nostalgia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, kurudi kwao na maumivu, kwa ajili ya Waswisi waliokuwa wakidhoofika ugenini. Karne moja baadaye, mwaka 1790, daktari wa meli Isaac Wilson aliliambia Bunge la Uingereza kwamba sehemu kubwa ya vifo vya watumwa melini mwake chanzo chake kilikuwa majonzi. Mwaka 1793 Luís António de Oliveira Mendes aliwasilisha mbele ya chuo cha sayansi cha Lisbon maelezo ya maradhi ya Waafrika waliopelekwa Brazili, na humo akalitaja la kuua kuliko mengi: banzo. Neno hilo lilivuka bahari kutoka Angola na Kongo pamoja na wenyewe. Wataalamu hawajakubaliana asili yake. Wapo wanaoliunganisha na mbanza, yaani mji au kijiji, na wapo wanaoliunganisha na kitenzi cha Kikongo na Kimbundu chenye maana ya kuwaza na kukumbuka.

Mkazi wa Kasongo asingeshangazwa na maelezo hayo ya pili. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kama ilivyo Tanzania, mtu aliyeelemewa husemwa tu kuwa ana mawazo. Hahitaji kuongeza mawazo gani. Na moyo unaouma, huko huitwa zaidi roho: roho inaniuma.

Katika kurasa za kipindi hichohicho Livingstone aliandika pia juu ya safura, ugonjwa wa kula udongo ambao uliwashika watumwa wengi Bambarre. Miguu huvimba, nyama huisha, pumzi hupungua, na mgonjwa huendelea kula udongo hadi kufa. Jina limetoka katika neno la Kiarabu la rangi ya manjano, na leo wasomaji wanalijua kwa minyoo inayonyonya damu. Mabwana wengi wa mashamba ng'ambo ya Atlantiki waliamini kwamba mtumwa hula udongo ili ajiue. Livingstone alikataa: matajiri nao waliupata. Ni sifa yake kwamba aliitenganisha safura na ule ugonjwa wa moyo, kwa sababu kwa macho tu hayo mawili hufanana: mtu amejikunyata pembeni, hataki kusema na mtu.

Waliookoka ukiwa waliokoka kwa kupata watu. Hapa historia ya Maniema ina sura ambayo masimulizi ya utumwa mara nyingi huiruka. Mateka Mluba, Mkusu, Mtetela, Msongye au Mbangubangu, akifikishwa Kasongo, hakuwa na ukoo, na mtu asiye na ukoo hakuwa na mlinzi wala mrithi. Alijishikiza kwa bwana, kwa wajoli wenzake, kwa msikiti, kwa mke wa hapo. Alivaa kanzu, akajifunza lugha ya mji, na baada ya miaka kadhaa yeye au mwanawe akajiita Mwungwana, jina ambalo pwani lilikuwa la mtu aliyezaliwa huru. Lugha yao ndiyo iliyoitwa Kingwana. Wengine walifika mbali zaidi: Wamanyema wa Ujiji na Tabora, wa Buyenzi mjini Bujumbura, na wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, ambako Msikiti wa Manyema upo hadi leo, wametokana na watu hawa, wapagazi na askari na watumwa na wafanyabiashara, kwa mchanganyiko ambao familia zenyewe hazipendi sikuzote kuuchambua.

Ukiwa usichanganywe na kudorora, ingawa magazeti yakiandika habari za miji kama Kasongo huyatumia yote mawili. Mji hudorora watu wake wakiwapo. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika karibu na 1910, ilipita magharibi mwa Lualaba kupitia Kibombo na Samba, ikaiacha Kasongo upande wa pili wa mto. Mji uliokuwa njia panda ya misafara ukawa mji wa kufikiwa kwa kivuko na barabara ya udongo. Huko kudorora hakukuwa ukiwa. Hospitali ilikuwapo, tena katika miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana na wataalamu wa afya ulimwenguni kwa mradi wa huduma za vijijini ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Soko lilikuwapo, shule zilikuwapo. Kilichokosekana ni mwendo. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hilo: biashara hudorora, mgonjwa na kazi huzorota, mtoto na mmea hudumaa, gari hukwama, na hali hiyo ya mwisho inajulikana sana katika barabara ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa masika.

Kudorora na ukiwa vinaweza kufuatana. Namoya, katika eneo la Kabambare, mgodi wa dhahabu wa kampuni ya Banro ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na kazi zikasimamishwa mwaka 2019 baada ya mashambulizi ya wanamgambo na kufungwa kwa njia. Biashara za Salamabila, mji ulio jirani na mgodi, zilidorora mara moja. Katika vijiji vilivyokimbiwa kwa ajili ya mapigano hali ilikuwa nyingine: paa liliporomoka, shamba likarudi kichaka, michikichi ikaendelea kuzaa bila wa kuangua. Kijiji cha namna hiyo kikikaa misimu michache bila wenyewe kurudi, kitaitwa matongo. Wakirudi, jina la zamani hurudi nao, hata kama nyumba zote ni mpya.